Nguruwe Sita wa Mama Hida

Kwenye pikipiki yangu nimebeba vitu vingi vya heshima. Nimebeba bibi harusi na mkufu wake wa dhahabu, nimebeba mchungaji na Biblia yake, nimebeba mbao za jeneza kutoka mjini Waingapu hadi huku kwetu juu, njia nzima ya mawe na makorongo, na hakuna ubao ulioanguka. Kwa hayo yote hakuna anayenikumbuka. Ukifika kijijini kwetu ukauliza Landu ni nani, utaambiwa, "Yule wa mavi." Nimeshazoea. Aliyenipa jina hilo ni shemeji yangu Wori, na habari yangu haisimami bila yake, kwa hiyo acha nisimulie habari zake.

Wori ni mke wa kaka yangu Ndilu, na kwa kuwa binti yao anaitwa Hida, sote tunamwita Mama Hida. Aliolewa kwetu akitokea pwani, kwa watu wanaojua kufuma. Kazi yake ni kufunga nyuzi, fundo baada ya fundo, kabla hazijatiwa rangi, na kitambaa kikishafumwa kulungu wanatokea humo, na majogoo, na farasi waliosimama kwa miguu ya nyuma. Watu hutoka mbali kuja kununua. Mkono wake ni wa subira, ila ulimi wake hauna breki, na mimi kama shemeji yake nimeuonja kuliko wote.

Moto wa nyumba zetu unakaa katikati ya sakafu, juu ya mafiga, na moshi unapanda hadi kwenye kilele cha paa utafute mwenyewe pa kutokea. Njiani hupitia machoni mwa mpishi. Bibi zetu walisema moshi unahifadhi paa la nyasi lisiliwe na wadudu. Ni kweli, unahifadhi paa. Haukuahidi kuhifadhi watu. Mke wangu Yuli alikohoa kwa miaka, nasi tukasema ni vumbi, tukasema ni baridi, tukasema anazidisha chokaa kwenye tambuu, yale majani tunayotafuna. Tulipomaliza kumzika, jicho la kulia la Wori lilikuwa limeanza kuwa jeupe, na haukupita muda likafunga kabisa.

Mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Muuguzi alimmulika kwa tochi akatikisa kichwa.

"Mama, hili la kulia limekwenda. Na hili la kushoto, ukiendelea kukaa kwenye moshi, litamfuata mwenzake. Toka kwenye moshi."

"Nitoke niende wapi?" Wori akamuuliza. "Nimlishe mume wangu mchele mbichi kama kuku?"

Alisema kwa mzaha, lakini njiani alinishika kiuno kwa nguvu hadi tunafika. Mfumaji asiyeona ni nani? Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna, na mimi nilikuwa nalijua bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata ukaja mradi. Kuna nchi moja ya mbali, yenye baridi, ambayo sisi tuliijua kwa bendera yake iliyochorwa kwenye mifuko ya saruji. Watu wa huko walitoa msaada tujengewe matangi chini ya ardhi. Unamimina samadi ya nguruwe na maji, unakoroga, unafunika, unasubiri, na gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni. Moto bila kuni na bila moshi. Wangeanza na nyumba moja ya mfano, na kwa sababu ya jicho lake kila mtu alikubali iwe ya Wori. Hata jirani yetu Hunga alikubali, na Hunga ni mtu anayebishana na mvua.

Ofisa wa mradi alikuwa kijana wa mji wa Kupang aitwaye Yohanis, mpole, miwani myeusi, midomo myekundu kwa tambuu aliyokuwa akitafuna kwa adabu tu maana hakuizoea. Aliketi barazani kwa kaka yangu akauliza swali moja tu la maana.

"Mama Hida, una nguruwe wangapi?"

"Sita," akasema Wori.

Sote tuliokuwa pale tukaitikia kwa vichwa. Hata Bibi Kareri akaitikia, na huyo ndiye mjuzi wa mila zetu, hapitishi uongo hata wa mtoto. Yohanis akafurahi, akawaambia mafundi wachimbe tangi la nguruwe sita.

Lilipokamilika akarudi kuwatazama nguruwe watakaolilisha. Akaingia bandani akahesabu, akatoka nje, akaingia tena.

"Mama, naona watatu. Wengine watatu wako wapi?"

"Wanatembea."

"Wanatembea wapi? Watarudi saa ngapi?"

"Inategemea nani anakufa," Wori akasema.

Yohanis akavua miwani. Nikamwonea huruma. Wori naye akaona amfafanulie. "Mmoja yuko kwa Hunga, tulimpeleka alipomzika baba yake. Mmoja yuko kwa Bibi Kareri, msiba wa dada yake. Wa tatu yuko kwa huyu shemeji yangu."

Kijana akanigeukia kwa matumaini. "Yuko kwako? Naweza kumwona?"

"Tulimla," nikasema.

"Mlimla?"

"Siku ya kumzika mke wangu. Alikuwa mnono sana."

Akaketi kwenye jiwe. "Mama Hida, nguruwe aliyeliwa hatoi samadi."

"Baba, wewe uliniuliza nina nguruwe wangapi. Hukuniuliza wangapi wana matumbo."

Tulicheka hadi kuku wakakimbia, lakini Wori hakuwa amesema uongo. Kwetu nguruwe uliyempeleka kwenye msiba wa mtu hajapotea. Ni wako. Siku ukifiwa atarudi na ngozi nyingine, ukubwa uleule, na kila mtu kijijini anamkumbuka hata kama wewe umesahau. Ila lazima arudi kwa msiba au kwa harusi. Mtu akikuletea nguruwe wako siku ya kawaida, jua linawaka na watu wako wazima, ni kama amekuambia amechoka kungoja mazishi yako. Babu zetu walikatana mapanga kwa jambo hilo.

Basi tangi likabaki kubwa na nguruwe wakabaki watatu, na Yohanis akasema tujaribu hivyohivyo. Tukajaribu. Siku Wori alipowasha kiberiti na moto wa bluu ukatoka kwenye lile jiko dogo, sote tuliinama kuutazama. Moto ulikuwa mfupi, lakini ulichemsha kahawa na uliivisha wali. Wori akakaa pale katikati ya nyumba yake, hewa safi, akamtazama kaka yangu aliyeketi upande wa pili.

"Kumbe Ndilu umezeeka hivi," akasema. "Moshi ulikuwa unakusitiri."

Mambo yangebaki hivyo tungeishi kwa raha. Lakini ilikuwa miaka ile baada ya homa ya nguruwe kufagia mabanda ya kisiwa kizima, na nguruwe mmoja alikuwa na bei ya kushtua. Katikati ya shida hiyo baba mkwe wa Hida akafariki.

Mwenye binti akienda kuzika kwa wakwe wa binti yake huenda na nguruwe na vitambaa. Hakuna njia nyingine. Vitambaa Wori alikuwa navyo, tena vya kuwafumba watu midomo. Mazungumzo ya nguruwe niliyasikia mwenyewe, nimekaa pale na kikombe changu cha kahawa.

"Tupeleke mmoja," kaka yangu akasema. "Watu wanajua homa ilipita."

"Mmoja! Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye nguruwe mmoja watu wanaulamba huku wanakunja uso. Wewe utarudi nyumbani kwako, Ndilu. Hida ndiye anayeishi na wale watu."

"Wawili basi. Abaki mmoja wa jiko."

"Mmoja hatoshi kuchemsha hata yai."

"Na jicho lako je?"

Wori alikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Jicho ni langu," akasema. "Aibu itakuwa ya mwanangu."

Tukawapakia wote watatu. Tuliingia kule kwa ngoma, nguruwe wakipiga kelele kuliko ngoma zenyewe, na nilimwona Hida amesimama mlangoni na nguo nyeusi, amenyoosha shingo, na wifi zake wamenyamaza. Kwa hilo Wori alikuwa sahihi, sitamnyima haki yake. Wakwe nao walitujibu kwa farasi mmoja mwekundu, kama inavyopasa. Kaka akampeleka kilimani kwa wenzake. Farasi wetu hawalali zizini, wanazurura nyikani usiku na mchana, na samadi yao ni mali ya upepo.

Moto ulikufa kidogokidogo. Wori alijaribu kumimina kila kitu: samadi ya kuku, maji ya mchele, mabaki ya mihogo. Moto ukawa mdogo kama wa mshumaa, ukaanza kukohoa, kisha asubuhi moja kiberiti kiliwaka na jiko halikujibu. Akarudisha mafiga mahali pake. Moshi ukarudi kama mpangaji aliyesahau ndala zake.

Siku chache baadaye nilimkuta kwenye fremu yake ya nyuzi, jicho linabubujika, analifuta kwa kiganja, anaendelea. Nikainama kutazama. Kulungu alikuwa na pembe tatu. Wori, ambaye angeweza kufunga kulungu akiwa usingizini! Niliumia sana. Nikatoka nje nikajifanya nakagua mnyororo wa pikipiki.

Hapo ndipo Yohanis alipoleta habari. Wale waliotoa msaada wanakuja wenyewe. Kuna mama anaitwa Bi Marit, atakuja kulitazama tangi, na kama linafanya kazi, nyumba nyingine zote za kijiji zitajengewa. Kama halifanyi kazi, msaada utakwenda kisiwa kingine, kwa kuwa wanaouomba ni wengi.

"Linafanya kazi?" Yohanis akauliza.

"Njoo tu," kaka yangu akasema, na akabadilisha mazungumzo.

Jioni baraza lilijaa. Kikapu cha majani ya tambuu na kokwa za popoo kilizunguka, kila mtu akatafuna, kila mtu akashauri. Hunga ndiye aliyekuwa na ushauri mrefu zaidi.

"Tununue mtungi wa gesi mjini. Tuufiche nyuma ya banda, tuunganishe bomba. Mzungu ataona moto wa bluu, atapiga picha, ataondoka amefurahi."

"Na akishaondoka?" Wori akauliza.

"Akishaondoka tunajengewa."

"Ninyi mnajengewa. Mimi nabaki na tangi lililokufa, mtungi mtupu na jicho moja. Hunga, siku ukigawa akili, jiwekee kidogo."

Mtu mwingine akasema basi tuazime nguruwe, wakae bandani kwa Wori hadi moto urudi. Bibi Kareri akatema mate mekundu nje ya baraza.

"Nguruwe haingii banda la mtu bila sababu. Mnataka nani afe humu?"

Macho yote yakamwendea kaka yangu, maana ndiye mkubwa wa nyumba. Kaka akakohoa, akasogeza mkeka wake nyuma ya nguzo. Mjadala wa kuazima ukaishia hapo, na watu wakatawanyika hawana jipya. Mimi nilikwenda kulala na hasira. Nilizikasirikia mila, mradi na nguruwe niliyemla. Kwangu nilikuwa na nguruwe wawili wazima, nawasikia wakikoroma chini ya sakafu, maana nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo, na sikuweza kumpelekea hata mmoja mtu aliyenifutia machozi msibani.

Asubuhi Wori akasimama mlangoni kwangu na kitambaa kichwani.

"Shemeji, washa hilo dudu lako. Tunakwenda kwa Bibi Kareri."

Bibi Kareri anaishi juu, mwisho wa kijiji. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na maji yalikuwa yakipita chini ya nyumba yake, mahali nguruwe wanapolala, yanachukua kila kitu na kukitupa korongoni. Wori akasimama akayatazama yale maji kwa muda, kisha akapanda barazani. Tukagusana pua na bibi, ndiyo salamu yetu, tukapewa tambuu, tukaulizana hali. Ndipo Wori akaanza.

"Bibi, nguruwe wangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Ni yupi?"

"Yule mwenye doa mgongoni. Ndiye anayeshika nafasi ya wako. Ukipata msiba utamwona."

"Sijapata msiba."

"Mababu washukuriwe. Basi hutamwona."

"Simtaki yeye. Anakula nini?"

"Mihogo yangu. Anakula kama amekodishwa."

"Mihogo ni yako. Na mwili?"

"Mwili ni wako, nimekwisha kukuambia."

"Na kinachotoka nyuma?"

Bibi Kareri akaacha kutafuna. Nimemjua bibi huyu tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na sijawahi kumwona akiacha kutafuna, isipokuwa kanisani, na huko nako si mahubiri yote.

"Mavi?" akauliza.

"Mavi. Yakija kwangu, yanaita msiba?"

"Hilo ni swali gani la kumuuliza mtu mzima asubuhi?"

"Nimuulize nani? Wewe ndiye mjuzi. Nguruwe hawezi kuja bila maiti, nakubali. Na mavi yake je?"

Bibi akatazama juu kwenye kilele cha paa, huko wanakokaa wakubwa waliotutangulia, kama mtu anayengoja kukatazwa. Paa halikusema kitu. Akatema mate.

"Nguruwe ana ini," akasema polepole. "Ini tunalisoma, nalo linatuambia. Moyo tunautazama. Utumbo pia. Lakini mavi... hakuna aliyewahi kuyasoma."

"Kwa hiyo hayasemi kitu?"

"Yanasema mihogo yangu imekwisha!" Na hapo bibi akacheka hadi akashika nguzo, na Wori akacheka, machozi yakimtoka jicho zima na jicho bovu. "Chukua, mwanangu. Chukua yote. Ila usiyaite nguruwe, na ndoo uje nayo mwenyewe."

"Ndoo ninazo," Wori akasema. "Na mbebaji ni huyu hapa."

Ndivyo nilivyojua kwamba mimi ndiye mbebaji.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikayaoga. Nilifunga ndoo za rangi pande zote mbili za pikipiki na kila asubuhi nikapita kwa Bibi Kareri, kisha kwa Hunga, kisha kwangu mwenyewe. Hunga mwanzoni alitaka kubishana, ila mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko, macho mekundu kwa moshi, na akaona heri anyamaze. Watu wakaniita kila jina. Sokoni wauza samaki walinifukuza, watu wa samaki! Abiria wangu wakapungua, na mchungaji akagundua ghafla kwamba kutembea kwa miguu kunajenga afya.

Na siku moja lori la abiria linalotoka upande wa wakwe wa Hida likasimama njiapanda. Utingo akashuka ameziba pua kwa fulana, ameshika ndoo iliyofungwa kwa kitambaa na kamba.

"Hii inatoka kwa Hida," akasema. "Amesema nimwambie mama yake kwamba wale watatu nao wanamsalimu."

Hatukuwa tumemwomba. Sijui nani alimpelekea habari. Nilipomfikishia Wori ile ndoo, aliishika kwa mikono miwili, akageuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Mimi nikangoja na kahawa yangu hadi ikapoa.

Moto haukuja upesi. Wori alikoroga, akamimina, akasubiri. Kila asubuhi aliwasha kiberiti na kila asubuhi jiko lilimnyamazia, na kaka yangu akawa ananunua viberiti kama mtu mwenye duka. Kisha ikatoka sauti kama ya mtu anayepuliza uji. Kesho yake ukatoka moto wa rangi ya njano ukazima. Na asubuhi iliyofuata ukatoka wa bluu, mrefu, umesimama wima, mkubwa kuliko tulivyowahi kuuona kwa wale nguruwe watatu. Tangi lilikuwa limeshiba kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe. Kaka yangu aliyapiga mafiga teke, akaumia kidole, akaendelea kucheka.

Bi Marit alikuja na Yohanis mchana wa jua kali. Mama mrefu, mwenye mvi, uso umeiva kama nyanya, na alikuwa amefundishwa salamu yetu, akagusana pua na kila mtu, hata na wale waliokuwa wakijificha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulimkaribisha kwa kahawa na mihogo ya kukaanga. Lakini Yohanis alitangulia kwenda bandani, na nilimwona akirudi amekauka. Bandani kulikuwa na kuku wanne na ufagio.

Kisha akaingia ndani akauona moto. Akautazama moto, akatoka akatazama tena banda. Bi Marit akamnong'oneza. Yohanis akamgeukia Wori.

"Mama Hida, mgeni anauliza..." Macho yake yalikuwa yanamsihi. "Anauliza una nguruwe wangapi."

"Sita," Wori akasema. "Hajapotea hata mmoja."

Yohanis akafumba macho. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nashusha ndoo mlangoni, na Wori akaninyooshea kidole, akaanza kuwataja kwa utaratibu, Yohanis akitafsiri nyuma yake, mwanzoni kwa sauti ya mtu anayepelekwa jela, kisha sauti ikimchangamka kadiri anavyoelewa. Mmoja kwa Bibi Kareri. Mmoja kwa Hunga. Watatu kwa wakwe wa binti yangu. Nguruwe hawawezi kuja, ila hiki kinaweza. Bi Marit alicheka hadi akajifuta macho kwa kofia yake. Akahesabu kwa vidole, akauliza tena.

"Anasema hao ni watano. Wa sita?"

"Wa sita yuko kwa huyu mwenye ndoo. Wa mazishi ya mkewe, Yuli."

Bi Marit akaacha kucheka. Akanitazama, akamuuliza Yohanis kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Yohanis akasema, "samahani, anauliza mkewe alikufa kwa ugonjwa gani."

Nilitaka kusema vumbi, nilitaka kusema baridi, maneno yale yale ya miaka yote. Wori akainua mkono akaonyesha juu. Sote tukatazama. Kilele cha paa ni cheusi, kinang'aa kwa masizi ya mama na bibi zetu, na chini yake moto wa bluu ulikuwa unachemsha kahawa bila kuongeza hata chembe.

Bi Marit alitazama paa muda mrefu. Kisha akaja hadi mlangoni nilipokuwa nimesimama na ndoo zangu, na harufu yangu yote, akainama akanigusa pua. Tulikuwa tumekwisha kusalimiana, kwa hiyo hiyo haikuwa salamu. Nililia pale mbele ya watu, na sikuona haya.

Matangi yamejengwa. Mke wa Hunga anapika huku akiimba, na tungependa aimbe kwa sauti ndogo zaidi. Yohanis akienda vijiji vingine siku hizi anauliza nguruwe wangapi wana matumbo. Jicho la kushoto la Wori linaona, na kulungu wake wamerudi kwenye pembe mbili. Mimi bado nabeba ndoo, maana banda lake bado lina kuku tu, na sisi sote, ashukuriwe Mungu, ni wazima. Leo asubuhi nilichelewa kidogo, nikamkuta amesimama barabarani, mkono kiunoni.

"Shemeji, Yuli angekuwepo angekuamsha mapema. Lete hapa, moto una njaa."